Kubishana na Mtu Usiyemjua

Kwa miaka mingi nimesoma, nimechangia, na kwa kipindi kirefu nimesimamia mijadala ya watu wasiojuana mtandaoni. Mijadala hiyo haikuwa ya siasa, ambayo ndiyo watu huifikiria kwanza wakisikia habari ya mabishano. Ilihusu maisha ya kila siku: je, nijenge Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, au niendelee kupanga Sinza, gari gani linamfaa mtu mwenye mshahara wa kawaida, mchango wa harusi ya mtu niliyesoma naye tu ni wa lazima, kuku wa mayai wanalipa au wanafilisi. Niliyoyaona humo yamenipa msimamo mmoja. Mtu aliyeficha jina anaweza kukuambia ukweli ambao ndugu yako wa damu hathubutu kuutamka, lakini inategemea umemwulizaje. Ukimwuliza anaonaje, atakupa kelele. Ukimwuliza yeye kilimpata nini, mara nyingi atakupa ushahidi.

Kazi inayonilisha ni ya uhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi maeneo ya Gerezani, Kariakoo. Usimamizi wa mijadala niliufanya jioni, bila malipo, baada ya wenzangu kuona kwamba nilikuwa nasoma nyuzi, yaani mada pamoja na majibu yake yote, hadi mwisho kabla ya kuandika. Majukumu yenyewe hayakuwa na utukufu: kuunganisha nyuzi zinazouliza jambo lile lile, kufuta matusi, kumhamishia mtu mada aliyoiweka pasipostahili, na mara nyingine kumfungia mchangiaji kwa siku chache mpaka damu ipoe. Sisi wasimamizi wenyewe tulitumia majina ya bandia na hatukujuana sura. Nilishirikiana kwa miaka na mtu ambaye hadi leo sijui kama ni mzee wa Tanga au kijana wa Mwanza, na ninakiri kwamba ni mmoja wa watu ninaowaheshimu sana.

Anayefahamu mijadala hii anajua namna uzi unavyoanza. Mleta mada husalimia, "Habari za jioni wakuu," kisha hueleza shida yake na kumalizia kwa kuomba mawazo na kukataza matusi. Wa kwanza kujibu huandika, "Wajuzi wanakuja." Wa pili huandika kwamba amekaa paleee, anasubiri. Wa tatu hudai picha, hata kama mada ni ya kodi ya nyumba. Wa nne amesoma kichwa cha habari tu na tayari ana hasira. Wageni hudhani maneno hayo ya mwanzo ni takataka, na wasimamizi wapya huwa na shauku ya kuyafuta. Mimi niliyaacha, kwa sababu yana kazi yake: huuweka uzi juu mpaka mwenye ujuzi atoke kazini. Fundi gereji hashiki simu saa nne asubuhi, na muuguzi wa zamu hasomi mada yako wakati wodi imejaa. Wajuzi wa kweli walikuwa wanafika kuanzia saa mbili usiku, na wakikuta uzi bado unachangamka waliingia.

Mfano ulionifundisha zaidi ulikuwa wa matikiti maji. Kulikuwa na kipindi ambapo kila wiki aliingia kijana wa mjini akiwa na mchanganuo wa kilimo hicho, na michanganuo yote ilifanana kana kwamba imetoka mkono mmoja. Hesabu yake ilikwenda hivi. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 1 unapata mashimo 2,000. Kila shimo lina miche 2, kila mche una matunda 2, basi una matikiti 8,000. Uza kila moja kwa shilingi 1,500 shambani, mkononi una milioni 12. Ondoa milioni 2 za mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu na vibarua, zinabaki milioni 10, na yote hayo kwa siku zisizozidi 90. Baada ya hesabu hiyo huja swali: "Wakuu, nina akiba kidogo na kazi imenichosha. Je, kilimo cha matikiti kinalipa?"

Mimi ni mhasibu, na sikuona kosa la kuzidisha mahali popote katika karatasi zile. Ndiyo maana mabishano hayakuwa na mwisho. Upande mmoja walisema kinalipa, wakaonyesha hesabu. Upande mwingine walisema hakilipi, wakawaita wenzao wakulima wa kwenye laptopu. Kila mmoja alikuwa na binamu aliyetajirika au shemeji aliyefilisika. Kurasa zilijaa, watu walichambana, na mwenye swali aliondoka akiwa hajui zaidi ya alipokuja.

Jioni moja mchangiaji mmoja aliingia katika uzi wa namna hiyo na kuandika maneno machache, ambayo nayakumbuka karibu yalivyo: waliowahi kuvuna tu ndio wajibu, wataje ekari ngapi, mwezi gani, walimwuzia nani, na bei ya shambani ilikuwa ngapi, wasiowahi wakae pembeni kwanza. Uzi ulinyamaza kwa saa kadhaa. Nilidhani umekufa. Kisha majibu yakaanza kudondoka, machache na marefu.

Mmoja alilima Mkuranga. Alieleza kwamba katika matikiti ya mche mmoja, moja tu ndilo lilikuwa la kuuzika, la pili lilikuwa dogo na wanunuzi walilichukua kama nyongeza. Alieleza habari ya inzi wa matunda, ambaye hutaga mayai ndani ya tunda changa, ukaliona limepinda na kuanza kuoza upande mmoja wakati ulikuwa umeshalihesabu. Mwingine alieleza kwamba dalali wa sokoni alimpigia bei nzuri kwa simu, lakini Fuso lilipofika Temeke alikuta magari mengine yamepanga foleni yakiwa na mzigo ule ule, na tunda haliwezi kusubiri kwenye jua. Watu wote waliosoma mchanganuo mmoja walikuwa wamepanda wiki moja.

Maelezo yaliyonishika zaidi yalihusu Ramadhani. Kila mtu anajua kwamba bei ya matikiti hupanda mwezi wa mfungo, na michanganuo mingi ilishauri kulenga hapo. Mkulima mmoja wa Pwani alikumbusha jambo ambalo sote tunalijua na hakuna aliyelifikiria: mfungo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2014 mfungo ulianza mwishoni mwa Juni, hivyo tunda la mfungo lilikomaa wakati masika yamekwisha na ardhi inakauka. Mwaka 2018 mfungo ulianza katikati ya Mei, na aliyefuata ushauri ule ule alijikuta tikiti lake linakua katikati ya mvua, majani yakishambuliwa na magonjwa ya ukungu na matunda yakilala kwenye tope. Ushauri ulikuwa wa kweli kwa mwaka ulioandikwa. Hakuna aliyekuwa amedanganya.

Mleta mada hakurudi kusema aliamua nini. Wengi wao hawarudi, na msimamizi hujifunza kutosubiri.

Tangu hapo nilikuwa nikimwandikia mleta mada faraghani na kumwomba aniruhusu kubadili kichwa cha mada yake. "Je, sungura wanalipa?" kiligeuka kuwa "Waliofuga sungura: mlimwuzia nani?" Swali hilo la pili lilivunja mioyo ya watu wengi, kwa maana wafugaji wa sungura walikuwa wengi kuliko walaji. Baadhi ya wachangiaji walinituhumu kwamba napindisha mijadala, na wapo walioamini kwamba nimetumwa. Sikubishana nao. Idadi ya majibu ilipungua, uzito wake ukaongezeka, na mimi sikulipwa kwa idadi.

Ushuhuda nao una waghushi wake. Wauza vifaranga, wauza miche na wauza mashine za kutotolesha mayai waligundua mapema kwamba watu wanaamini simulizi kuliko tangazo, wakaanza kuandika kama wakulima wenye furaha. Nilijifunza kuwatambua. Simulizi yao haikuwa na hasara hata ya kuku mmoja, ilikuwa na takwimu zilizonyooka, na ilimalizika kwa namba ya simu. Mfugaji wa kweli hulalamika. Hulalamika juu ya kijana wa kazi aliyeuza mayai kwa siri, juu ya bei ya pumba, juu ya ugonjwa wa mdondo uliopita wakati yeye amesafiri kwenda msibani. Nikiwa na shaka niliuliza jambo dogo ambalo halimo kwenye vipeperushi: siku ya ngapi ulibadili chakula, maji ya kunywa uliyatoa wapi umeme ulipokatika. Aliyewahi kufuga hujibu kwa sentensi mbili zenye hasira. Mwuzaji hutuma tena namba ya simu.

Kuhusu faida ya kuficha jina, mjadala wa kodi ya nyumba ndio ulionishawishi kabisa. Katika Dar es Salaam mpangaji bado huombwa kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anapokaa na mwenye nyumba ana kwa ana, mazungumzo huwa ya adabu na ya uongo. Mpangaji husema fedha ipo benki inasubiri kutoka. Mwenye nyumba husema utaratibu ndio huo, hata nyumba za jirani ni hivyo. Hakuna anayesema sababu yake.

Mtandaoni zilisemwa. Mama mmoja aliyejitambulisha kuwa mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha alieleza kwamba kodi ya miezi sita ndiyo inayolipa ada za shule Januari na Julai. Kodi ya mwezi mmoja mmoja, alisema, huishia sokoni na kwenye dawa za presha, na ada ikifika hana kitu. Akaongeza kwamba aliwahi kuwa na mpangaji wa mwezi mmoja mmoja aliyekaa miezi mingi bila kulipa, na kumtoa kulimzungusha kwa mjumbe, serikali ya mtaa na baraza la kata mpaka akachoka. Mpangaji mmoja alimjibu kwamba yeye hulipwa mshahara tarehe za mwisho wa mwezi, hivyo ili apate kodi ya miezi sita ilimlazimu kukopa kwa riba, maana yake nyumba ya shilingi laki mbili kwa mwezi yeye aliipata kwa zaidi ya laki mbili na nusu. Yule mama hakuwa anajua hilo. Alimwuliza maswali, na kijana akamjibu kwa heshima, akimwita mama kila sentensi. Mwishowe walianza kupanga utaratibu wa miezi mitatu yenye dhamana ya mwezi mmoja, wakiwa watu wawili ambao pengine wanaishi mitaa tofauti kabisa na hawatapangishana chochote.

Mazungumzo yale yasingewezekana sebuleni kwa mama yule. Angekuwa na aibu ya kutaja dawa za presha, na kijana angeficha mkopo wake. Jina la bandia liliwaondolea aibu, na swali lilikuwa limewataka waseme mambo yao wenyewe. Siku chache kabla, uzi mwingine ulikuwa umeuliza kama wenye nyumba wana tamaa. Ule ulizaa matusi hadi nikaufunga.

Nigusie jambo la jinsia, ingawa huwa nasita kwa sababu kila ninapolisema wanaume hudhani nawasuta wote. Jina langu la humo ndani halikuonyesha kama mimi ni mwanamke au mwanamume, na kila mtu aliniita mkuu au kaka. Nilipokuwa najibu maswali ya Toyota IST, ambayo nimeiendesha kwa miaka na kuifuatilia gereji mwenyewe, hakuna aliyetilia shaka maneno yangu. Nilieleza tofauti ya injini ya lita 1.3 na ya lita 1.5, nikaeleza kwa nini mtu anayepanda milima ya Morogoro kila wiki akiwa na abiria wanne atafurahia ile kubwa bila kuumia sana kwenye mafuta, na watu wakaandika "nakazia" na "naunga mkono hoja." Siku nilipotaja kwa kupita tu kwamba mume wangu hapendi rangi ya gari lile, majibu yalibadilika ndani ya uzi ule ule. Mtu aliyekuwa amenakili ushauri wangu wa mafuta ya injini aliandika akiuliza kama nimethibitisha kwa fundi. Ushauri haukuwa umebadilika herufi.

Katika mijadala ya ndoa ilikuwa kinyume chake: kabla ya kupima hoja, watu walitaka kujua jinsia ya mwenye kuitoa, ili wajue wampinge au wamtetee. "Kwanza wewe ni KE au ME?" Nilikataa kujibu, na kukataa kwangu kuliwaudhi kuliko hoja yoyote niliyowahi kuandika.

Wapo wazee wanaoamini kwamba tabia ya kujibizana kwa majina yasiyo ya kuzaliwa imeletwa na simu. Si kweli. Kwenye magazeti ya Kiswahili, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, wasomaji walijibizana kwa mashairi, na washairi wengi wa magazetini walipenda lakabu. Nyuma zaidi, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa vitani. Kilichonivutia katika malumbano hayo ni sharti lake. Kwa desturi, anayejibu shairi hufuata bahari, vina na mizani vya shairi analolijibu. Huwezi kufanya hivyo bila kulisoma lote, tena polepole, huku ukihesabu silabi. Hata kama ulikuja kwa nia ya kutukana, umelazimika kwanza kukaa ndani ya maneno ya mwenzako kwa saa nzima.

Nikajaribu kuweka sharti la mfano huo katika mijadala yenye joto: kabla ya kupinga, mchangiaji aandike kwa maneno yake alichoelewa kutoka kwa anayempinga. Matokeo yalinichekesha. Wapo walioandika, "Kama nilivyomwelewa ndugu yangu hapo juu, hana akili," wakadai wametimiza sharti. Lakini wengine walitekeleza kweli, na mara kadhaa niliona mtu ameanza kueleza hoja ya mpinzani wake, akafika katikati na kukiri kwamba hawapishani. Walikuwa wakisema jambo moja kuhusu miji miwili. Sharti lenyewe halikudumu. Watu walilichoka, na katika simu ndogo yenye kioo kilichopasuka si rahisi kumwomba mtu aandike aya mbili kabla ya kufikia anachotaka kusema.

Kuna mahali ambapo jina la bandia lilinipa hofu, nalo ni tiba. Mtu akiandika kwamba amekohoa wiki tatu, hana haja ya kusikia kilichowapata wengine waliokohoa. Anahitaji kupimwa kifua kikuu, na vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Hapo ushuhuda, ambao nimeusifu tangu mwanzo, huwa hatari. Aliyepona vidonda vya tumbo baada ya kunywa maji ya kabichi hadanganyi kwamba alikunywa na hadanganyi kwamba alipona. Hajui tu kama ni kabichi iliyomponya. Bei ya kodi mtu huijua kwa kuilipa, lakini chanzo cha kupona hakijulikani kwa kupona. Kwa hiyo katika mada za afya tulifuta dozi za dawa zilizoandikwa na watu, tukaacha maelezo ya hospitali ipi inapokea bima gani na foleni inaanza saa ngapi, kwa kuwa katika hayo mgonjwa ni shahidi mzuri.

Hofu nyingine ilitoka upande wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ilitungwa mwaka 2015, na mwaka 2018 zikafuata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizowataka wenye majukwaa na blogu kuwa na leseni, ambayo kwa mwanzo iligharimu zaidi ya shilingi milioni 2. Mwezi Juni mwaka huo wasio na leseni waliamriwa kusitisha huduma, na JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote la Kiswahili la namna hii, lilizimwa kwa muda. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani, mojawapo ya masuala yakiwa ni kutotoa taarifa za wachangiaji wake. Unaweza kudhani kwamba mambo hayo yaliwagusa wanasiasa pekee. Mimi niliona yalivyoathiri hata mada za mbolea na mikopo. Watu walianza kuuliza kama kulalamikia huduma mbovu ya ofisi fulani kunaweza kuwapeleka mahakama ya Kisutu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akieleza vizuri mno namna michango ya shule inavyokusanywa alifuta maandishi yake yote usiku mmoja na hakuonekana tena. Kabla ya hapo watu walificha majina ili wasiaibike mbele ya ndugu na majirani. Baadaye wengine walificha hata mkoa, mwezi na kiasi, na ushuhuda usio na mkoa, mwezi wala kiasi haumsaidii mtu.

Niliacha usimamizi kwa sababu za nyumbani, lakini bado ninaingia na kujibu. Juzi juzi nimefuatilia mabishano ya nishati ya kupikia, ambayo yamepamba moto tangu serikali ilipopiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku na kutangaza lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Swali lilikuwa la kawaida: kipi ni nafuu kati ya gesi, umeme na mkaa? Kwa siku nzima watu walirushiana maneno. Mmoja aliapa kwamba jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, hivyo kwake ni kama bure. Mwingine alimwita mwongo na chawa wa wauza majiko, akasema umeme umemfilisi.

Aliyewapatanisha aliuliza jambo moja: kila mmoja ananunua uniti kwa bei gani? Ikaonekana kwamba wa kwanza yumo katika kundi la wateja wadogo wa majumbani, wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipia shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na wa pili yumo katika kundi la kawaida ambalo uniti yake ni karibu mara tatu ya hiyo. Walikuwa wamepika chungu kile kile cha maharage kwa bei mbili. Akaingia dada mmoja anayeuza chapati Mbagala, akaeleza kwamba anajua gesi ingemgharimu kidogo kwa mwezi kuliko mkaa, ameshapiga hesabu hiyo. Tatizo lake ni kwamba mtungi wa kilo 6 huisha siku ambayo hana fedha ya kuujaza kwa mkupuo, wakati mkaa wa shilingi elfu moja anaupata hata kwa mauzo ya asubuhi. Kwa hiyo ana vyote viwili, na anapika kwa kile alicho na fedha yake siku hiyo. Wale waliokuwa wakimhubiria mwanzoni kwamba hajaelimika kuhusu nishati safi walinyamaza, na mmoja akaanza kumwuliza kama kuna wauzaji mtaani kwake wanaouza gesi kwa kipimo kidogo kidogo.

Mtu mmoja alikusanya majibu yote yenye takwimu, akayaweka pamoja kwa kundi la uniti, aina ya jiko na idadi ya watu nyumbani, kazi ambayo ningeifanya mimi enzi zangu. Nilipitia hesabu zake na kumrekebishia makato ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Chini kabisa ya jedwali hilo mzee mmoja, au mtu anayejiita mzee, aliandika kwamba amesoma yote na amekubali kila kitu, ila maharage ya mkaa ni matamu zaidi. Mpaka naandika haya hajapingwa.